Vumbi Lisimfikie Mama Zaina

Nimerudisha ufunguo wa gereji, na mkono wangu bado unautafuta mfukoni kila asubuhi. Ninyi mliobaki pale mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani. Nitaandika. Mishahara sitaitaja, maana kulikuwa na miezi ambayo hata yenyewe haikujitaja. Vyeo pia niviache. Katika gereji yetu ya Kasuku, hapa Kindu, kulikuwa na cheo kimoja tu, cha mwenye kiti chenye miguu yote minne, na mwenye kiti hicho alikuwa Fundi Ramazani.

Nilifika kwake nikiwa mtu mzima, nimeshaoa, nikitarajia kupewa injini. Nilitaka kelele na moshi. Yeye alinipa kipande cha mpira mweusi kilichobanduliwa kwenye mlango wa gari bovu, akaniambia nikikunje. Nikakikunja. Kikavunjika.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Fundi. Kimelia kama biskuti."

"Basi njo ugonjwa ile. Mupira muzima haulie. Kazi yako ni kuinyamazisha." "Njo" yake ilikuwa "ndiyo", kama kwetu sote.

Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: mipira inayozunguka milango na vioo, ile ambayo mwenye gari haioni mpaka siku mvua inapomlowesha magoti. Nchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire. Maduka makubwa ya Kasuku yalikuwa yamechukuliwa kutoka kwa wageni na kupewa watu waliojuana na wakubwa, na baada ya shangwe za kufungua milango rafu zilianza kuonyesha mbao zake. Treni kutoka kusini ilileta ilichojaliwa kuleta. Mpira mpya wa mlango ulikuwa kitu cha kuota usingizini. Kwa hiyo magari yalizeeka pamoja nasi, nasi tukajifunza kuyatunza kama watu wanavyotunza wazazi, kwa maji ya uvuguvugu na uvumilivu.

Jua la kwetu hula mpira kuanzia juu. Kwanza weusi unageuka kijivu, kisha vinatokea vistari vidogo kama vya kiganja, kisha mpira unakauka na kusinyaa, na mlango uliokuwa ukifunga kwa sauti nzito unaanza kugonga kama sufuria. Fundi Ramazani aliupima mpira kwa shavu. Aliubandua taratibu kutoka kwenye mfereji wake wa bati, akauweka shavuni na kufumba macho, na mimi nilisimama pembeni nikingoja hukumu. Kama bado ulikuwa na uhai, tuliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, tukauanika kivulini. Tulichanganya gliserini ya duka la dawa na maji, tukaipasha moto bila kuiacha ichemke, tukaulaza mpira humo mpaka ukumbuke kujikunja. Nyufa tuliziba kwa gundi ya viraka vya baiskeli na vipande vyembamba vya mpira wa ndani. Mwisho tuliupaka poda nyeupe, ile ya watoto wachanga, usigande kwenye bati. Gari likitoka kwetu lilinuka kama nyumba yenye mzazi, na wateja walitutania sana.

Kitu kimoja kilikuwa haramu: mawese. Mnajua desturi ya mji wetu. Kukiwa na harusi au mgeni mkubwa, watu hupaka mipira ya gari mafuta ya mawese ili ing'ae. Inang'aa kweli, kwa siku moja. Baadaye mpira unavimba, unakuwa laini kama ndizi iliyopita wakati wake, na siafu wanapata habari. Baada ya siafu wanakuja panya. Nimewahi kufungua mlango ambao mpira wake wote ulikuwa umeliwa, na bati limerambwa likawa safi kuliko nilivyowahi kulisafisha mimi.

"Mawese ni ya sombe!" Fundi alikuwa akipiga kelele, maana sombe ni mboga yetu ya majani ya muhogo. "Gari yako inakulaka sombe?"

Gari ninalotaka kuwaeleza lililetwa mwanzoni mwa kiangazi, wakati mto Lualaba ulipokuwa umeshuka na mawe ya kando yamechomoza migongo. Lilikuwa la Kifaransa, aina ya brek, yaani lenye nyuma ndefu ambapo mtu anaweza kutandika godoro. Mwenyewe alikuwa Bwana Salumu, muuzaji wa chumvi na samaki wakavu. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina jingine, la mababu, kama tulivyotakiwa sote miaka ile. Sokoni hakuna aliyelijua, na nadhani hata yeye alilisahau mara kwa mara.

Hakuja peke yake. Kiti cha mbele alikaa mke wake, Mama Zaina, mwanamke mwembamba mwenye mtandio mweupe. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti, na mabega yalipanda na kushuka. Nilidhani ametoka kukimbia. Kisha nikaelewa kwamba hivyo ndivyo alivyokaa siku zote. Ilikuwa pumu.

Bwana Salumu alieleza bila kutuangalia. Daktari wa kifua aliyeweza kumsaidia alikuwa katika mji wa Kalima, ng'ambo ya mto. Kiangazi kilichopita alimpandisha mkewe kwenye lori kumpeleka huko, na kabla ya nusu ya safari vumbi jekundu la ile njia likamfunga kifua. Waligeuza, midomo yake ikiwa ya kijivu. Safari hii hali ilikuwa mbaya zaidi, na dawa za hapa mjini hazikumsikiliza tena.

"Mvua iko mbali, Fundi," alisema. "Hataifikia. Nataka vumbi isiingie humu ndani. Hata kidogo."

Fundi Ramazani alizunguka gari. Alipofika mlango wa nyuma alivuta mpira, nao ukamkatikia mkononi.

"Hii gari iko na matundu kupita chujio," akasema.

Mama Zaina akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Basi tuko sawa, mimi na yeye."

Tulianza siku ile ile. Tulibandua kila mpira, tukaufunga kamba yenye mafundo ili kujua mlango wake, tukaulaza kivulini kama mgonjwa. Sikuwahi kumwona Fundi akifanya kazi kimya namna ile. Alipitisha kidole ndani ya kila mfereji wa bati akitafuta kutu, na alipoipata aliikwangua kwa ncha ya kisu mpaka chuma kikaonyesha meno. Gliserini yote iliyopatikana mjini ilikuwa kwenye sufuria yetu. Nakumbuka mpira wa mlango wa nyuma ulipokubali kukunjika mara ya kwanza bila kulia. Fundi aliusikiliza, akaukunja tena, kisha akanipa mimi niukunje.

Kujaribu kulikuwa hivi. Tulitandika shuka jeupe ndani, tukafunga milango yote, tukapepeta udongo mwekundu uliochekechwa, huku tukiupepea kwa makuti kuelekea kila pembe. Mara ya kwanza shuka lilikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, chini ya mlango wa nyuma. Tukabandua, tukaongeza ukanda wa mpira wa baiskeli, tukarudia. Mara hii shuka lilitoka kama lilivyoingia. Fundi aliliinua juani kwa mikono miwili, akatabasamu, na kwa Fundi Ramazani tabasamu lilikuwa kitu cha kusimulia nyumbani.

Tukamwita Mama Zaina. Aliingia, akalala kwenye godoro, tukafunga. Muda si mrefu akagonga kioo.

"Mufungue." Tukafungua. Alikaa kwanza, akatafuta pumzi. "Kazi nzuri, Fundi. Vumbi haitaingia kweli. Na mimi nitapumua nini mule ndani? Umenishonea sanda ya mupira."

"Mama Zaina, usiseme vile!" mumewe akaruka.

"Niseme namna gani, Baba Zaina? Njo mimi nitalala mule, si wewe."

Fundi alisimama na shuka lake mkononi. Sote tulikuwa tumelifikiria vumbi tu, usiku na mchana. Hewa hakuna aliyeikumbuka isipokuwa yeye aliyeikosa. Mama Zaina alikuwa amekwisha kutoka garini na sasa alikuwa akitazama matundu madogo yaliyo chini ya kioo cha mbele.

"Hii inaingizaka upepo?"

"Inaingiza," Fundi akajibu.

"Nyumbani nikipepeta mahindi ninajifunga kitambaa yenye maji, hapa." Akagusa pua yake. "Gari nayo iko na pua. Muifunge kitambaa."

Fundi alikaa kwenye kiti chake akawaza. Kisha akaanza kusema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Gari likikimbia, upepo utaingia kwa nguvu hapo mbele kupitia kitambaa chenye maji, hautapata pa kutokea ila kwenye vitundu tulivyovisahau, na ukitoka humo utasukuma vumbi nje. "Mama," akamaliza, "ungekuja kazini kwangu zamani."

"Unge-ni-lipa?" akauliza, akivuta pumzi kati ya kila kipande cha neno, na hata mumewe akacheka.

Safari ilipangwa. Siku moja kabla, vijana wa Chama, kile kimoja cha nchi nzima, walikuja gereji wakiimba, wakamkuta Bwana Salumu. Mgeni mkubwa alikuwa anateremka uwanja wa ndege, na magari yote mazuri ya mji yalitakiwa kujipanga. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu, aliyesema "sitwayeni", yaani raia, mahali pa "bwana", kama ilivyoagizwa.

"Sitwayeni Salumu, ni ya asubuhi moja tu. Mugonjwa si ataenda kesho?"

Bwana Salumu akatoa ufunguo. Ninyi mliozaliwa baadaye mtauliza kwa nini hakukataa. Watu hawakukataa.

Mchana gari likarudi. Liling'aa kutoka mwanzo wa barabara. Yule kijana alishuka na jasho usoni, amefurahi kabisa.

"Muzee Ramazani! Tumekutunzia gari! Mipira ilikuwa na michafu nyeupe-nyeupe kila pahali, tumeitoa yote na esansi. Kisha tukapaka mawese. Angalia vile inawaka!"

Uchafu mweupe ulikuwa poda yetu. Petroli ilikuwa imenyonya kila tone la gliserini tulilolitia, na juu yake wakapaka mafuta ya sombe, kwa heshima ya mgeni, kama ambavyo mtu yeyote wa mji huu angefanya. Fundi aliweka kidole juu ya mpira. Ukamnata. Nilingoja apige kelele, na alipokosa kupiga, ndipo nilipoogopa.

"Asante, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa ukuje na maji ya moto. Mingi. Na sabuni."

"Ya nini, Muzee?"

Fundi akamweleza, kwa maneno machache, jinsi pumzi ya yule mgonjwa ilivyotegemea mipira ile. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alivua shati la sherehe, akalitundika kwenye msumari, akaenda kutafuta maji.

Tulikuwa tukiosha bado alipokuja Zaina mwenyewe, binti mkubwa, mwanawe akiwa mgongoni. Alisema mama amebanwa tangu adhuhuri. "Anasema hivi: kama si kesho, musijisumbue tena."

Mawese yalitoka. Lakini mipira ilipokauka ilikuwa ya kijivu, na nilipokunja mmoja nikasikia ile sauti. Gliserini haikuwepo tena Kindu nzima. Fundi alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akamgeukia Zaina.

"Kwenu muko na risini?"

Kila nyumba ilikuwa nayo. Hakuna mtoto wa Kindu wa miaka ile asiyeyajua mafuta ya risini, yale mazito ya mbarika, tuliyonyweshwa tukiwa tumebanwa pua ili kusafishwa tumbo. Fundi alisema mafuta hayo hayagombani na mpira. Hakuwahi kuyatumia kwa mlango mzima, aliyajua kwa vipira vidogo vya breki tu, lakini hakuwa na kingine. Zaina akatoka mbio. Baada ya kitambo kina mama wa mtaa wakaanza kufika, mmoja na chupa iliyojaa, mwingine na tone la mwisho, na nyuma yao watoto, wakitazama mafuta yale yakimwagwa kwenye sufuria, wakiwa na furaha ambayo hawakujaribu kuificha.

Tulisugua kwa viganja mpaka giza likatukataza. Kijana wa Chama alisugua mlango wa nyuma peke yake na hakukubali kupumzishwa. Tuliviringisha mipira kwenye vitambaa ilale na mafuta yake. Alfajiri tukaipachika, tukaipaka poda. Nafasi ya kujaribu kwa shuka hatukuipata. Mama Zaina aliletwa akiwa amebebwa, tukamlaza kwenye godoro na kumfunika lile shuka jeupe.

Bwana Salumu aliendesha. Fundi alikaa mbele na jerikani la maji, mimi nikakaa nyuma kwenye miguu ya mgonjwa, nikiulinda mlango wa nyuma. Tulivuka Lualaba kwa kivuko, tukapita mtaa wa Alunguli, na njia ya Kalima ikafunguka mbele yetu, nyekundu mpaka macho yalipokoma.

Tulikuwa tunasikiliza kifua chake, kile kipenga chembamba kinachotoka na kurudi. Nilijikuta napumua naye. Nadhani sote tulifanya hivyo.

"Munahesabu pumzi zangu?" akasema ghafla. "Muniache. Niko napumua mwenyewe."

Lori lilitokea mbele, limejaa magunia. Lilipotupita dunia ilipotea. Kulikuwa na ukuta mwekundu kila kioo, na jua likawa kama kaa linalozimika. Bwana Salumu aliinua mguu ili asimame.

"Usisimame!" Fundi akapiga kelele. "Ukisimama upepo unakufa! Endesha!"

"Sioni njia!"

"Endesha hivyo hivyo, polepole, lakini usisimame!"

Aliendesha, amekaza mikono kwenye usukani, akiomba kwa sauti. Kwenye pembe ya chini ya mlango wangu niliona uzi mwekundu ukiingia, ukicheza hewani. Niliweka kiganja. Nikauhisi mpira chini ya mkono wangu, laini, wenye mafuta, ukisukumwa na kusukuma, na nikaukandamiza kwa uzito wangu wote huku nikitazama lile shuka jeupe kifuani pake. Kipenga kilikuwa kinaendelea. Kilikatika. Nikamwona Bwana Salumu akitafuta uso wa mkewe kwenye kioo. Kisha kikarudi.

Tulitoka upande wa pili, msituni, ambapo hewa ilikuwa safi. Hapo tu ndipo Fundi aliporuhusu tusimame. Alifungua kitambaa cha pua ya gari, akakisuuza, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama mawese. Alikilowesha tena, akakifunga, tukaendelea.

Kule Kalima, muuguzi alipofungua mlango, Mama Zaina alikataa kubebwa. Aliweka mguu mmoja chini, kisha wa pili. Mtandio wake ulikuwa mweupe. Alinitazama mimi, mwekundu kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, akatikisa kichwa.

"Wewe njo uoge," akaniambia, akaingia ndani kwa miguu yake, ameushika mkono wa mumewe.

Fundi alibaki nje akipitisha kidole kwenye mipira, mlango kwa mlango. Pembe zilikuwa zimeanza kupasuka. Tuliitengeneza upya tuliporudi, na gliserini ilipopatikana tuliitengeneza tena, maana Bwana Salumu alisema gari hilo litakwenda kumchukua mkewe jinsi lilivyompeleka.

Daktari alimweka mpaka kiangazi kikaisha. Tulipokwenda kumchukua mvua zilikuwa zimeanza. Alikuwa amenenepa kidogo, mabega yametulia. Safari hii alikaa kwenye kiti cha nyuma kama abiria yeyote, na Fundi alikuwa amekagua kila mlango kabla ya kumruhusu mtu kuwasha moto. Tulikuwa katikati ya njia mvua iliponyesha. Udongo ulilala, ukawa wa rangi ya damu ya mzee, na harufu yake ikajaa kila mahali isipokuwa ndani ya gari letu.

Nilisikia kioo kikishuka. Mama Zaina alikuwa ametoa mkono wote nje, na maji yalikuwa yakimpiga usoni.

"Mama Zaina, funga! Utaloa!" mumewe akasema.

"Na mipira yangu!" Fundi akaongeza.

"Mipira yako ni ya vumbi, Fundi. Hii ni mvua."

Fundi Ramazani aliitazama njia iliyolowa. Kisha akaanza kuzungusha mkono wa kioo chake, polepole, mpaka kikashuka chote.